Programu Isinikisie Lugha, Iniulize

Ukiingiza kadi kwenye mashine ya kutolea pesa, mara nyingi kitu cha kwanza unachoulizwa ni lugha. Kiswahili au Kiingereza? Unabonyeza, maisha yanaendelea. Ukipiga simu ya huduma kwa wateja, ni yale yale: kwa Kiswahili bonyeza moja. Hakuna aliyekuangalia sura akaamua wewe ni mtu wa lugha gani. Umeulizwa, ukajibu, basi.

Sasa njoo kwenye programu na tovuti tunazoshinda nazo hapa chuoni kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane. Nyingi hazina muda wa kukuuliza. Zinakukisia. Nyingine zinakisia vibaya, na zikishakisia hazikuachii hata mlango wa kutokea. Hoja yangu ni fupi: lugha ya mtumiaji ni kitu cha kuulizwa, si cha kubuniwa. Na kwa kuwa nasoma ualimu, nitaeleza pia kwa nini jambo hili ni la elimu, wala si la watu wa kompyuta peke yao.

Zinakisiaje?

Tuelewane kwanza jinsi programu inavyofikia uamuzi wa kukupa lugha fulani. Wenzetu wa kompyuta watanivumilia nikirahisisha.

Njia ya kwanza ni kusoma mpangilio wa kifaa chako. Kila kivinjari chako kinapoomba ukurasa kutoka kwenye seva, kwa kawaida kinaambatanisha kijimstari kinachoitwa Accept-Language. Utaratibu huu upo tangu miaka ya 1990. Kijimstari hicho kinaorodhesha lugha unazozitaka, kwa mpangilio. Mfano: sw-TZ, sw;q=0.9, en;q=0.7. Maana yake ni hii: nipe Kiswahili cha Tanzania, kama hakuna, nipe Kiswahili chochote, kikikosekana kabisa, haya, lete Kiingereza. Hizo namba baada ya q ni uzito, kuanzia 0 hadi 1, na ambayo haikuandikiwa uzito inahesabiwa 1. Ni kama tulivyojaza fomu za kuomba chuo: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Kwa hiyo njia ya mtumiaji kusema anachotaka ipo miaka yote. Shida ni kwamba watengenezaji wengi hawaisomi fomu hiyo, na sisi wengi hatuijazi. Nitarudi hapo.

Njia ya pili ni kuangalia uko wapi. Seva inaona anwani ya IP uliyotokea, inaitafutia nchi, kisha inakupa lugha ya nchi hiyo. Hii ndiyo mbovu kuliko zote, kwa sababu nchi si lugha. Mswahili aliyezaliwa na kukulia Muscat anapewa Kiarabu. Wa Lubumbashi anapewa Kifaransa, ingawa sokoni na nyumbani anaongea Kiswahili. Mtanzania akishuka Frankfurt kubadilisha ndege, simu ile ile iliyokuwa inamwelewa jana inaanza kumwonyesha matangazo ya Kijerumani. Ukiwasha VPN yenye seva Uholanzi, ghafla na wewe umekuwa Mholanzi. Na usidhani wanaoumia ni Waswahili peke yao. Mwanafunzi aliyetoka Burundi kuja kusoma hapa, mwenye Kirundi na Kifaransa chake, akipewa Kiswahili kwa nguvu kwa sababu tu yuko Tanzania, naye amekisiwa.

Njia ya tatu ni kusoma unachoandika. Programu inaangalia jinsi herufi zinavyofuatana na kulinganisha na lugha inazozijua. Neno linaloanza na "mw" na kuishia na irabu lina harufu ya Kibantu, na mfuatano kama "kwa" au "nya" unajirudia sana kwetu. Ukiipa aya nzima, kazi hiyo inafanyika vizuri. Ukiipa neno moja au mawili, inababaika. "Leo" ni siku hii tuliyonayo au ni jina la mtu? "Data" ni ya lugha gani? Halafu sisi wenyewe tunavyoongea: "Nimesubmit assignment jana usiku, sijui kama imeingia." Hiyo ni lugha gani? Kila anayesoma hapa ameielewa, lakini mashine inayotaka kuibandika lebo moja tu itahangaika. Na hata ikipatia, bado haijajua ninachotaka. Lugha niliyomwandikia rafiki yangu si lazima iwe lugha ninayotaka menyu zangu ziwe nayo.

Unaona kosa linalofanana kwenye njia hizo mbili za mwisho. Zote zinachukua kitu kingine, mahali nilipo au maneno niliyoandika, na kukigeuza kuwa jibu la swali ambalo sikuulizwa.

Kukisia kuna gharama

Mtu atasema, jamani, haya si ni mambo madogo? Kiingereza tunajua, tumesoma miaka yote sekondari. Ngoja nitoe mifano mitatu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu makini, aliyefaulu vizuri kuliko wengi wetu. Ule mfumo wa usajili tuliokuwa tunautumia ulikuwa wa Kiingereza kitupu, bila kitufe cha kubadili lugha. Kwenye ukurasa wa kozi kulikuwa na kitufe kimeandikwa Withdraw. Neno hilo yeye alilijua vizuri tu, kwa sababu kalikuta kwenye mashine za benki: maana yake kutoa pesa. Na wiki ile kila mtu alikuwa anasubiri boom. Akabonyeza. Alichokifanya ni kujitoa kwenye kozi ya lazima. Alizunguka ofisi kwa ofisi karibu wiki 2 kurudishwa. Tulimcheka sana, lakini tukae tujiulize: kosa lake ni lipi? Kitufe kile kingeandikwa "Jitoe kwenye kozi", asingekigusa hata kwa dawa.

Mfano wa pili unawahusu wenzetu wasioona. Wengi wanasoma kwa kutumia programu za kusoma skrini, kama NVDA ambayo ni ya bure na ipo tangu 2006. Programu hiyo inaangalia lebo ya lugha iliyowekwa kwenye ukurasa, kisha inachagua matamshi. Sasa mtengenezaji ananakili kiolezo cha tovuti kutoka mahali fulani, lebo imeandikwa lang="en", anajaza maneno ya Kiswahili ndani yake, na lebo anaiacha ilivyo. Mimi na wewe tunaoona hatutagundua chochote. Asiyeona anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribu kufikiria tangazo la ratiba ya mitihani likisomwa hivyo. Ni kelele. Kurekebisha kosa hilo kunahitaji kubadilisha herufi 2 tu: "en" iwe "sw". Miongozo ya kimataifa ya kuandaa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, inayoitwa WCAG, inaliweka jambo hili kwenye ngazi A, yaani ngazi ya chini kabisa ambayo kila ukurasa unapaswa kuifikia.

Mfano wa tatu nimeuona kwenye mazoezi ya kufundisha. Watoto wa kidato cha kwanza, wametoka kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wanaingizwa chumba cha kompyuta. Kipindi ni dakika 40, kompyuta ni chache, watoto ni wengi. Kompyuta zote ni za Kiingereza, kwa sababu ndivyo zilivyokuja. Kwa hiyo muda mwingi unakwenda kueleza maana ya maneno: hili ni kuhifadhi, hili ni kufuta, hili ukilibonyeza kazi yako yote inapotea. Mtoto anafundishwa vitu viwili kwa pamoja, kompyuta na msamiati, halafu akishindwa kimoja tunaandika kwamba hajui kompyuta.

Ualimu unatufundisha nini?

Sisi wa ualimu tumeimbishwa tangu muhula wa kwanza: anza na kinachojulikana, nenda kwenye kisichojulikana. David Ausubel alijenga kitabu chake cha 1968 juu ya wazo hilo, kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anacho kichwani. Mwalimu anatakiwa akijue kwanza, ndipo afundishe. Na anakijua kwa kuuliza. Ndiyo maana andalio la somo lina utangulizi, ndiyo maana tunauliza maswali kabla ya kushika chaki.

Sasa fikiria mwalimu anayeingia darasani Bukoba, anawatazama watoto, anaamua moja kwa moja kwamba wote wanajua Kihaya, anaanza kufundisha. Mkaguzi akiwa amekaa nyuma ataandika nini kwenye fomu yake? Wapo watoto wa watumishi waliohamia juzi kutoka Mtwara. Wapo waliokulia Dar es Salaam. Kuwa Bukoba hakumfanyi mtoto ajue Kihaya. Mwalimu huyo tutamwambia hajui darasa lake. Lakini programu ikifanya kitu hicho hicho kwa mamilioni ya watu, tunaiita ya kisasa.

Kuuliza si mwisho wa kazi

Niwe mkweli pia: hata programu ikishajua kwamba nataka Kiswahili, bado haijamaliza. Chukua saa. Weka simu kwenye Kiswahili, unaweza kukuta imeandika 8:00 asubuhi. Ni nani Mswahili anayesema saa nane asubuhi? Kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi, na saa nane ni mchana, jua kali, watu wanatoka kula. Yaani maneno yamegeuzwa kuwa ya Kiswahili, lakini hesabu ya siku imebaki ya kigeni.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Kwenye orodha za kimataifa za misimbo ya lugha, Kiswahili kina msimbo wa jumla, sw, na ndani yake kuna swh na swc, wa pili ukiwa wa Kiswahili cha Kongo. Unaweza pia kuongeza nchi: sw-TZ, sw-KE, sw-UG, sw-CD. Misimbo hii haikuwekwa kwa mapambo. Inamwezesha mtu wa Bukavu apewe maneno yanayomkaa mdomoni, na wa Tanga apewe yake. Watengenezaji wetu wengi hawaitumii, na wengine wanachanganya lugha na nchi kabisa: wanaandika "tz" kana kwamba kuna lugha inaitwa Kitanzania, au wanaweka bendera badala ya jina la lugha. Bendera ya Tanzania kwa Kiswahili? Mkenya na Mkongo wafanyeje? Andika tu "Kiswahili", kwa Kiswahili, ili anayekitafuta akitambue.

"Lakini watu wenyewe wanataka Kiingereza"

Hii ndiyo hoja ninayokutana nayo zaidi, na ina uzito. Mtu anakwambia: mimi simu yangu niliiweka Kiswahili siku moja nikapotea, sikujua "chaguo-msingi" ni nini wala "tendua". Nikikwama nikitafuta msaada, maelekezo yote yako kwa Kiingereza. Na ajira ninazoomba zinataka Kiingereza. Kwa nini nijichoshe?

Namwelewa. Tena namtetea. Kama anataka Kiingereza, apewe Kiingereza. Sijasema watu walazimishwe Kiswahili, maana kulazimisha nako ni kukisia kwa namna nyingine. Ninachosema ni kwamba chaguo liwe lake. Hata ugumu wa maneno kama "tendua" unatokana na kutoyaona. "Tarakilishi" ilitushinda, "simu janja" tumeipokea, "kishikwambi" tulikicheka mpaka kikazoeleka. Neno linazoeleka likitumika, na haliwezi kutumika kama limefichwa.

Halafu mtu mmoja anaweza kutaka lugha mbili kwa wakati mmoja. Mimi kazi za takwimu nafanya kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, lakini kitu kinachogusa hela yangu nakitaka kwa Kiswahili, nisije nikatuma pesa nisikokusudia. Hilo linawezekana tayari: simu za Android kuanzia toleo la 7 la mwaka 2016 zinakuruhusu kupanga lugha kadhaa kwa mfuatano, na toleo la 13 la mwaka 2022 limeongeza kuchagua lugha ya kila programu peke yake. iPhone nazo zilileta hilo la kila programu mwaka 2019. Kwa hiyo vifaa vimeshakubali kwamba mtu si wa lugha moja. Zilizobaki nyuma ni programu na tovuti zenyewe.

Hoja nyingine ni ya watengenezaji: kuuliza kunamchosha mtumiaji, kila akifungua anakutana na maswali. Hapana. Uliza mara moja, kumbuka jibu. Anza kwa kusoma ile Accept-Language, maana hapo mtumiaji huenda ameshajibu. Kisha mwonyeshe kitufe cha kubadili mahali anapokiona, si chini kabisa ya ukurasa wa sita ndani ya menyu ambayo nayo imeandikwa kwa lugha asiyoijua. Akichagua, heshimu chaguo lake hata akisafiri kesho kwenda Nairobi au Tokyo.

Tufanye nini?

Nina maombi kwa watu watatu.

Kwa wenzangu mnaosoma kompyuta: mradi wako wa mwisho wa mwaka, hata kama ni mfumo mdogo wa maktaba ya bweni, uwe na lugha mbili tangu siku ya kwanza. Maneno ya vitufe yasichimbiwe ndani ya programu, yakae kwenye faili lake ili mtu mwingine aweze kuyatafsiri. Weka lebo sahihi ya lugha kwenye kila ukurasa. Usitumie IP kuamua lugha. Na mkikosa maneno, njooni kwetu Kitivo cha Elimu na kwa wale wa idara ya Kiswahili. Tuna watu wanaoandika tasnifu za istilahi ambazo hazisomwi na mtu yeyote. Watafurahi kuona kazi yao kwenye kitufe.

Kwa serikali ya wanafunzi: mnapokaa na uongozi kujadili mifumo ya usajili, mikopo na malazi, lipelekeni hili. Msiombe kubadilisha lugha ya kufundishia, hiyo ni sera na ina mjadala wake. Ombeni tu kwamba kila ukurasa ambao mwanafunzi anaweza kupoteza haki yake kwa kubonyeza kitufe kimoja, kama kujitoa kwenye kozi, kughairi chumba au kufunga rufaa, uwe na Kiswahili pembeni. Na kwenye uchaguzi wetu, kura zikipigwa kwa mtandao, mpiga kura achague lugha kabla hajachagua mgombea.

Kwa sisi wote: tujaze ile fomu. Simu nyingi zikinunuliwa zinafunguka kwa Kiingereza, tunabonyeza endelea, endelea, endelea, na kuanzia siku hiyo kila kivinjari chetu kinatangaza duniani kwamba mwenye simu hii anataka Kiingereza tu. Wenye tovuti wana vyombo vya kuhesabu lugha za wageni wao. Wakiangalia wageni kutoka Tanzania, wanakuta en, en, en. Kesho yake kwenye kikao mtu anauliza kama kuna haja ya kutafsiri, na takwimu zinamjibu kwamba hakuna anayeomba. Tunaongea Kiswahili kutwa, lakini kwenye hesabu zao hatumo. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunaandika maneno matamu siku hiyo, kwa simu ambazo hazikitaji Kiswahili hata mara moja.

Huhitaji kuacha Kiingereza. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili. Ukiogopa kupotea, kiweke cha pili. Kisha fungua mipangilio ya kivinjari, fanya hivyo hivyo. Haichukui dakika 2 na haili bando. Watengenezaji wakiacha kukisia na kuanza kusoma, wakute tumeshaandika.